Kadi ya Ndani na Kadi ya Nje

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana wa ghorofa ya chini alikuwa na kazi zake: kufagia sebule, kuosha vikombe vya chai, kisha kusimama mlangoni na kutibu simu za majirani. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Huyu simu yake haitoi sauti, yule haoni picha alizotumiwa, mwingine amebonyeza kitu na sasa maandishi yote yamekuwa makubwa kama ya vitabu vya chekechea. Msichana aliipokea kila simu, akaikunjia uso, akaigeuza huku na huku, akaizima, akangoja kidogo, akaiwasha. Mara nyingi ilipona. Jina lake la shuleni likasahaulika kabisa, na mtaa mzima wakamwita Injinia.

Ufundi wake ulikuwa huo tu, kuzima na kuwasha. Mambo ya ndani ya mashine aliyajua kama alivyoyajua mambo ya ndani ya tumbo lake, yaani kwamba yapo. Lakini nani angemuuliza? Mama yake, aliyefanya kazi katika kiwanda cha mikate, alikuwa amewatangazia wenzake wote kwamba kwake hakuna kitu kinachopelekwa kwa fundi. Injinia alisikia sifa hizo na kichwa kikamvimba, na kichwa kilichovimba hakitoki kirahisi kwenye mlango wa aibu.

Pale nyumbani waliishi watatu, kwa kuwa baba alifanya kazi mbali na alirudi mwisho wa mwezi. Wa tatu alikuwa dada mkubwa. Alimaliza shule mwaka uliopita, akaomba nafasi katika chuo cha mafundi wa maabara za hospitali, akakataliwa. Akaomba tena. Safari hii chuo kikamjibu kwamba atafanyiwa mahojiano kwa picha, Alhamisi saa tisa alasiri, akiwa peke yake katika chumba kimya, mbele ya kompyuta yenye kamera. Habari ya kutumia simu hawakutaka kuisikia. Bahati nzuri nyumbani kulikuwa na kompyuta mpakato, kuukuu lakini nzima, ambayo baba aliuziwa na ofisi yake. Mtandao nao waliupata kutoka kwenye kisanduku cha waifai cha mwenye nyumba, kilichofungiwa kwenye kabati la chuma ghorofa ya juu kwa matumizi ya wapangaji wote.

Dada alianza kujiandaa mapema mno. Alipiga pasi blauzi ileile kila jioni. Alijiuliza maswali mbele ya kioo cha kabati, akajijibu, akajikosoa. Ukipita karibu unamsikia akisema kwa sauti ya kiofisi kwamba anapenda kazi inayohitaji uangalifu, halafu anacheka mwenyewe.

Jumatatu, Injinia alipotoka shule, kompyuta ikaacha kuona mtandao. Simu za wapangaji wengine ziliuona vizuri, ila yenyewe haikuuona wa mwenye nyumba wala wa majirani. Injinia alizima na kuwasha. Alizima tena, akachomoa na chaja, akaiacha ipumzike, akaiwasha. Wapi. Akakumbuka kusikia mahali kwamba ndani ya kompyuta kuna kadi ndogo inayoshika waifai, na kwamba hufa yenyewe, hasa kwenye mashine za zamani. Akatoa hukumu kwa sauti nzito: kadi imekufa, inunuliwe nyingine. Na hapo, tumpe haki yake, hakukosea. Kadi ilikuwa imekufa kweli.

Dada alipendekeza waipeleke kompyuta kwa fundi. Mama, aliyekuwa akivaa viatu vya kwenda kazini zamu ya mchana, akasema mafundi watakaa nayo hadi Alhamisi nyingine, na ya nini kuhangaika wakati Injinia yupo. Akaondoka. Dada naye akaenda sokoni. Injinia akabaki peke yake na kompyuta, pamoja na bisibisi ndogo ya cherehani.

Alitaka kuitoa kadi iliyokufa ili waende nayo dukani, wapewe inayofanana nayo. Wazo zuri kabisa. Akafungua skrubu moja moja, akainua mfuniko wa chini, akaiona. Ilikuwa ndogo, nyembamba, na juu yake zilibanwa nyaya mbili, mweusi na mweupe, kila mmoja ukiwa na kichwa cha shaba kidogo kama kichwa cha pini. Vichwa vile huinuliwa taratibu kwa ukucha, kutoka chini, na hutoka bila shida. Injinia hakulijua hilo, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Akaushika waya mweusi kwa vidole viwili, akauvuta kama anavyong'oa majani bustanini.

Waya ulitoka. Kichwa chake kikabaki palepale juu ya kadi.

Alikaa akiutazama. Kisha, sijui aliwaza nini, akaona kwamba wa pili atauvuta polepole zaidi. Akauvuta polepole zaidi, nao ukakatika polepole zaidi. Alijaribu kuchomeka waya kwenye kichwa chake, haukuingia. Alijaribu kwa sindano, akajichoma. Mwishowe akavibandua vile vichwa viwili kwa ncha ya sindano, vikaanguka kwenye kiganja chake, akavitupa kwenye pipa la taka chini ya maganda ya viazi. Kadi ikabaki safi, kama haijawahi kuguswa.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, si pale waya ulipokatika. Mwenyewe alilijua hilo. Aliapa atamwambia mama akirudi. Lakini mama alirudi na mkate wa moto na kicheko, akasema ameshawasimulia wenzake jinsi binti yake anavyotengeneza kompyuta kwa bisibisi ya cherehani, na msimamizi wa zamu akamuomba Injinia siku moja apite akaangalie kompyuta yao. Msichana akajiambia atasema kesho. Akala mkate bila kuusikia ladha.

Kesho yake baada ya shule, Injinia na dada wakaenda kwenye duka la vipuri vya kompyuta, katika ule mstari wa vibanda vilivyobanana nyuma ya stendi. Mwenye duka alikuwa baba mmoja mnene mwenye miwani iliyokaa juu ya paji la uso, akiitafuta kila mara na kuikuta palepale. Aliishika kadi ya zamani, akaigeuza, akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho. Akawaeleza kwamba wana njia mbili. Iko kadi ya ndani, ya umbo hilihili, inayokaa mahali pa ile iliyokufa na kutumia nyaya zilezile zilizomo. Na iko kadi ya nje, ndogo kama flashi, unaichomeka tu kwenye tundu la pembeni na haihitaji kitu chochote kutoka ndani. Ya ndani ilikuwa bei nafuu zaidi, na haichomozi kando ikagongwa.

"Lakini ya ndani bila nyaya zake haina maana," akasema mwenye duka, akimtazama Injinia kwa kuwa ndiye aliyeonekana fundi. "Ni masikio yake yale. Ulipoitoa hii, nyaya zilibaki nzima na vichwa vyake?"

Swali hilo lilikuwa mlango ulioachwa wazi. Angeweza kupita. Kichwani alishatamka jibu la kweli, alishalisikia kabisa. Ila dada alikuwa amemwekea mkono begani, akamwambia mwenye duka kwa kujivuna kwamba mdogo wake huyu ndiye fundi wa mtaa mzima.

"Nzima," akasema Injinia.

"Basi chukueni ya ndani," akasema mwenye duka, na akaitoa kwenye droo.

Nyumbani, Injinia alifanya kazi akiwa ameupa mlango mgongo, mtu asione. Akaibana kadi mpya mahali pake, akazilaza zile ncha tupu za nyaya juu yake, akazibandika kwa selotepu, akafunga mfuniko. Kompyuta ikawaka, na lo, jina la mtandao wa mwenye nyumba likaonekana. Dada akamkumbatia. Likapotea. Likarudi. Likapotea tena. Injinia akasema kadi mpya huwa zinahitaji muda wa kuzoea, na dada, masikini, akaamini.

Jumatano jioni, mtu wa chuo akapiga ili kujaribu mitambo kabla ya siku yenyewe. Dada alivaa ile blauzi. Akafunga mlango. Injinia, akiwa nje, alimsikia akisema hujambo, kisha akirudia hujambo, kisha akiuliza mnanisikia. Picha iliganda. Sauti ilikatikakatika, neno likaja nusu. Dada akatoka mbio na kompyuta mikononi, akapanda ngazi hadi karibu na kabati la chuma, akakaa kwenye kidato cha ngazi. Pale mtandao ulishika kidogo, lakini wapangaji walikuwa wakipanda na kushuka na ndoo na watoto, na mmoja akasimama nyuma yake akachungulia kwenye kamera. Mtu wa chuo alikuwa na adabu. Alisema amesikitika, ila kesho hali ikiwa hivi hawataweza kuendelea, na nafasi itakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Dada hakulia. Aliteremka ngazi, akaiweka kompyuta mezani, akaivua blauzi na kuitundika vizuri, akaketi kitandani akiwa ameshika mikono yake mwenyewe. Injinia angependa alie, au amfokee, au afanye chochote. Alisimama mlangoni na hakujua aweke wapi macho. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mama aliporudi na kusimuliwa, hakufikiri mara mbili. "Tumeuziwa kadi mbovu," akasema. "Yule mtu ameona watoto, akawapa takataka. Kesho asubuhi naomba ruhusa kazini, twende wote. Na wewe Injinia utachelewa shule, wewe ndiye shahidi."

Shahidi. Usiku ule neno hilo lilimlalia kifuani.

Asubuhi walikuwa wa kwanza kufika dukani. Mwenye duka alikuwa bado anafunua maturubai. Mama hakusalimia. Alianzia juu kabisa: kwamba yeye si mtu wa kuchezewa, kwamba binti yake ana mahojiano leo saa tisa, kwamba kuwauzia watoto kadi mbovu ni utapeli, na kwamba tapeli mkubwa ni yule anayevaa miwani akaonekana mtu wa maana. Muuza viatu wa jirani akacheka kwa sauti. Muuza chaja akasogea kusikiliza, na mteja mmoja aliyekuwa ameshika kipanya akakirudisha taratibu na kwenda zake.

Mwenye duka alijaribu kusema kwamba kadi ile aliijaribu mwenyewe kabla ya kuiuza. Mama akamkatiza. Akajaribu kuomba aione kompyuta. Mama akasema imefungwa na binti yake, na binti yake anajua anachofanya. Yule baba akashusha pumzi. Alikuwa amechoka kabla siku haijaanza.

"Mama, sitaki kelele mbele ya duka langu," akasema. "Rudisha kadi, nikurudishie pesa yako, ukanunue kwingine."

Mama akamgeukia dada, akamwambia basi, twendeni duka la mwisho wa mstari, wanazo kama hizi.

Kama hizi. Injinia akaliona jambo lote kwa mara ya kwanza. Wangenunua nyingine ya ndani. Angeifunga tena kwa selotepu. Ingeshika na kupotea, nao wangemtukana mwenye duka mwingine, na saa tisa dada angekaa na blauzi yake mbele ya picha iliyoganda. Hakuna kadi ya ndani hata moja katika mji ule ambayo ingemsaidia dada, na mtu pekee aliyelijua hilo alikuwa yeye. Alimtazama dada. Dada hakuwa akimtazama mtu yeyote. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo. Alikuwa bado anayapitia majibu yake.

"Kadi si mbovu," akasema Injinia.

Hawakumsikia. Ikabidi aseme tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, mpaka muuza viatu akageuka. "Kadi si mbovu, mama. Nyaya nilizikata mimi. Siku ile ya Jumatatu, zote mbili. Vichwa vyake nikavitupa. Mjomba huyu mwenye duka aliniuliza, nikamwambia nzima."

Injinia alikuwa akimngoja mama amzabe kibao, na angekipokea vizuri tu, lakini hakikuja. Mama aligeuka polepole akamtazama mwenye duka, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Injinia hakuwahi kumwona mama yake akiona aibu. Kumwona hivyo kulimuuma kuliko kibao.

"Baba, nisamehe," mama akasema mwishowe. "Nimekuvunjia heshima bure."

Mwenye duka aliipapasa miwani yake, akaikuta pajini, akaishusha machoni. Aliuliza kompyuta iko wapi. Dada akaitoa kwenye mfuko. Mwenye duka akaifungua, akaitoa selotepu kwa kibano, akazitazama zile ncha mbili tupu, akatikisa kichwa. Akasema nyaya hizi kubadilishwa kunataka kufungua mpaka kioo, maana zinapanda hadi huko juu, na kwa leo haiwezekani. Kisha akachukua kutoka ukutani ile kadi ndogo ya nje, akaichomeka kwenye tundu la pembeni, akaiwekea programu yake. Mistari ya mtandao ikajaa kwenye kioo na ikabaki imejaa. Kazi yote haikumaliza hata kikombe cha chai alichokuwa ameletewa.

"Hii ndiyo ningewapa tangu juzi," akasema.

Saa tisa, Injinia alikaa sakafuni nje ya mlango wa chumba, kazi yake ikiwa kuzuia mtu yeyote asigonge. Alimsikia dada akisema hujambo mara moja tu. Akasikia maswali, na majibu, na ile sauti ya kiofisi. Mahali fulani dada alisita, na Injinia akafumba macho kwa hofu, akidhani mtandao umepotea. Haukuwa umepotea. Dada alikuwa anafikiri tu. Mlango ulipofunguliwa, dada alikuwa amelowa jasho na anatabasamu. Alimpita mdogo wake bila kumgusa, akaenda kunywa maji. Kisha akarudi.

"Ungeniambia Jumatatu ningekukasirikia mpaka jioni," akasema. "Sasa sijui nitakukasirikia mpaka lini." Lakini alikaa naye pale sakafuni.

Baada ya chakula, mama akamwita. Hakumchapa na hakupaza sauti. Alimwambia kwamba kukata waya si jambo la kumfanya mtu alale na njaa, hata mafundi wakubwa hukata. Alimwambia pia kwamba na yeye mama ana fungu lake, kwa kumsifia mtoto mpaka mtoto akaogopa kukosea. "Lakini mimi leo nimemwita mtu tapeli mbele ya majirani zake kwa neno lako moja," akasema. "Samahani yangu ameisikia yeye na wawili watatu waliokuwa karibu. Wengine wamesikia matusi tu. Jumamosi utakwenda, kibanda kimoja kimoja, uwaambie mwenyewe."

Injinia alijaribu kusema kwamba angemwandikia mwenye duka barua. Mama akamtazama tu, na habari ya barua ikaishia hapo.

Jumamosi alikwenda. Alianza kwa muuza chaja, kwa kuwa alikuwa na uso wa upole, na hata hapo alisahau nusu ya maneno. Kwa mama mmoja mwenye mashine ya kutoa nakala alilazimika kuyarudia kwa sauti, maana mashine ilikuwa inanguruma. Kwa mtengeneza saa alilia kidogo. Mtengeneza saa akamwambia ameelewa, asiendelee, lakini msichana akaendelea mpaka mwisho kwa sababu ndivyo alivyoagizwa.

Alipofika kwa mwenye duka, yule baba alikuwa akimhudumia kijana mmoja aliyetaka kadi ya waifai. Alimpa Injinia kigoda, akaendelea na mteja. Alimuuliza kijana maswali yaleyale: kompyuta ya aina gani, kadi ya zamani iko wapi, nyaya nzima? Kijana akakuna kichwa, akasema kwa kweli hajui, hajafungua. Mwenye duka akamwambia vizuri, akaangalie kwanza au ailete, kisha arudi. Kijana akaondoka bila kununua kitu, na mwenye duka hakuonekana kusikitika.

Kisha akamgeukia msichana. "Umesikia? Ile kompyuta iko kwake, mimi siioni. Ninachokiona ni kile anachoniambia tu. Akisema hajui, namsaidia. Akisema zimekatika, namsaidia zaidi. Ila akinidanganya, nitachagua kwa ujuzi wangu wote na bado nitampa kitu kisichomfaa, na atakayeumia si mimi. Ni hivyo kwa daktari, kwa mwalimu, hata kwa mama yako. Anayetaka kusaidiwa aseme lililopo, hata kama linamwaibisha. Wewe ulilisema mbele ya watu wote wale. Ulichelewa, lakini ulilisema, na dada yako akawahi."

Injinia aliitikia kwa kichwa. Alitaka kuuliza kama anaweza kubaki kidogo pale kwenye kigoda, lakini mwenye duka alishamwonyesha kwa kidole kibanda cha upande wa pili. Kilibaki kimoja, cha muuza viatu, yule aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Alikuwa ameshamwona, ameweka kiatu chini, na anamsubiri. Msichana akainuka, akanyoosha sketi yake, akavuka.